Maswali ya Hesabu: Mhazini wa Kiboriloni na namba 2,147,483,647

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi, na nne kati ya hizo, bila wenyewe kujuana, zinazunguka namba moja tu, 2,147,483,647. Nikaona niziweke pamoja. Ya kwanza naipa nafasi kubwa kwasababu kuna mtu anaumia.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mhazini wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Kiboriloni, Moshi. Tuko 43. Mwaka huu tulikubaliana kila mmoja afikishe laki tano, na mpwa wangu anayesomea kompyuta akatutengenezea programu ya kurekodi michango. Mpaka mtu wa 42 mambo yalikuwa sawa, jumla inasoma 21,000,000.00. Jumamosi akaja mwenzetu wa mwisho, anauza mitumba, akahesabu laki tano yake mbele ya wote, nikaingiza, nikabonyeza, ikatokea -21,449,672.96. Mwalimu nilihisi kizunguzungu. Kuna mama akasema waziwazi kwamba mimi mwizi, na wengine wakamgeukia yule wa mitumba eti amekuja na hela ya mkosi. Hela zipo, ila wanasema kompyuta haidanganyi. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana dada yangu. Nianze na lile la haraka ili uwasomee wenzako leo leo. Waite, chukueni kalkuleta ya simu, andikeni 42,949,672.96 halafu toeni 21,449,672.96. Mtapata 21,500,000.00 kamili, hakuna senti inayoning'inia. Sasa pigeni 43 mara laki tano. Ni hiyohiyo. Maana yake michango yote 43 imo ndani ya programu, haijapotea hata mmoja, ila jumla imeandikwa vibaya. Baada ya hapo hesabuni hela zenyewe za sandukuni pamoja na karatasi ya benki, zikifika milioni 21 na laki tano basi yule mama aliyesema neno lile akuombe radhi mbele ya haohao waliomsikia.

Sasa tuone hii 42,949,672.96 nimeitoa wapi, maana nisipoeleza itaonekana kama mazingaombwe.

Tafuteni bao. Bao letu la kiswahili lina safu nne, kila safu mashimo nane, jumla mashimo 32. Kompyuta ya mpwa wako inaweka namba kwa namna inayofanana sana na hilo bao, isipokuwa sheria yake ni kali, kila shimo ama lina kete moja ama ni tupu, mbili haziruhusiwi. Shimo la kwanza kete yake ina thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, la tano 16, kila shimo ni mara mbili ya lililotangulia. Ukitaka kuandika 21 unaweka kete kwenye 16, kwenye 4 na kwenye 1, basi. Jaza mashimo matatu ya mwanzo unapata 7, jaza manne unapata 15, jaza matano unapata 31, yaani siku zote unapungukiwa moja tu kufikia thamani ya shimo linalofuata. Endelea hivyo mpaka ujaze mashimo 31, utapata 2,147,483,647. Kwa wanaopenda kuandika, hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31 halafu unatoa 1.

Na shimo la 32? Hilo limetengwa kwa ajili ya madeni, kete ikikaa pale inahesabiwa hasi 2,147,483,648. Bila hilo shimo kompyuta isingeweza kuandika hasi kabisa, kwahiyo sio kosa, ni mpango.

Sasa jaza mashimo yote 31, halafu ongeza kete moja tu kwenye shimo la kwanza. Zinakuwa mbili, hairuhusiwi, kwahiyo linabaki tupu na kete moja inahamia la pili, nalo lina yake tayari, linajimwaga, inahamia la tatu, la nne, hivyohivyo bao zima linafagiwa mpaka kete inaangukia kwenye lile shimo la madeni na kukaa. Bao lililokuwa limejaa utajiri sasa lina kete moja tu, ya deni la bilioni mbili na zaidi. Hakuna aliyeiba. Nafasi iliisha.

Utaniuliza, mbona sisi tulikuwa na milioni 21 tu na sio bilioni mbili? Hapo ndo penyewe. Mpwa wako, kama vijana wengi wanavyofundishwa, ametunza hela kwa senti ili asisumbuliwe na nukta. Senti sokoni hakuna anayeiona siku hizi ila programu inazihesabu zote. Milioni 21 ni senti 2,100,000,000, bado ziko chini ya dari. Dari lenyewe kwa shilingi ni 21,474,836 na senti 47. Laki tano ya dada wa mitumba ikafikisha senti 2,150,000,000, ikapita dari, bao likajimwaga. Kila ikijimwaga hivyo jumla inapungua kwa 2 kwa kipeo cha 32, ambayo ni 4,294,967,296, yaani shilingi 42,949,672.96, ndo maana nimekwambia uiongeze. Angekuwa mtu mwingine yeyote ameingia wa 43 ingetokea vilevile, kwahiyo hiyo habari ya mkosi naomba iishe, yule dada amelipa hela yake halali.

Mpwa wako mwambie ile sehemu ya kutunzia jumla aitoe kwenye biti 32 aipeleke biti 64, biti ndo hayo mashimo, ni kama kumpa bao mbili badala ya moja. Kazi ya dakika chache. Na kitabu cha mkono msikiache. Huo msemo wa kompyuta haidanganyi mimi siupendi kabisa, nimeona watu wanafukuzwa kwenye vikundi kwa karatasi iliyotoka kwenye printa wakati hakuna hata mmoja aliyekaa chini akapiga hesabu kwa kalamu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, Sakina Arusha. Tumebishana darasani kama 2,147,483,647 ni namba tasa. Mwenzangu anasema ni tasa lakini kuhakikisha lazima ugawanye kwa kila namba mpaka ufike nusu yake, kwahiyo bila kompyuta haiwezekani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, hapo yuko sahihi. Kwenye kuhakikisha ndo amekosea, tena amekosea padogo padogo mpaka pamekuwa pakubwa.

Kwanza nusu haihitajiki. Kama namba ina vigawo viwili, kimoja lazima kiwe kidogo kuliko kipeuo cha pili chake au kulingana nacho, maana vyote viwili vikikizidi zao litapita namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha hii ni 46,340 na kidogo. Tayari umetoka kwenye bilioni moja umeshuka kwenye elfu arobaini na sita. Na humo ndani unajaribu namba tasa tu, ambazo ni zaidi ya 4,700. Bado nyingi kwa kalamu, ila sio haiwezekani.

Zile ndogo hata jasho halitoki. Ni witiri, 2 haipo. Haiishii na 0 wala 5. Jumlisha tarakimu zake, 2+1+4+7+4+8+3+6+4+7, unapata 46, haigawanyiki kwa 3, basi na yenyewe haigawanyiki. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayomaliza zote tatu, inatokana na kwamba 7 mara 11 mara 13 ni 1,001. Kata namba kwenye zile koma zake, anza kulia, toa, jumlisha, toa: 647 toa 483 jumlisha 147 toa 2. Unapata 309. Ukigawa 309 kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 1, kwa 13 inabaki 10. Zote tatu zimeondoka kwa mstari mmoja wa daftari.

Ila ukiendelea hivi utachoka, kwahiyo sasa nikuonyeshe kitu ambacho mimi nilipokielewa mara ya kwanza sikulala. Chukua ndugu mdogo wa namba yetu, 2 kwa kipeo cha 11 toa 1, ni 2,047. Hii sio tasa, ni 23 mara 89. Sasa shika 23, anza na 1, uwe unazidisha mara mbili, na kila ikizidi 23 unatoa 23 unabaki na baki: 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, na mara mbili ya 12 ni 24, toa 23, umerudi 1. Andika kwa mkono wako uone. Umezunguka hatua 11 ukarudi nyumbani, na hatua ni 11 kwasababu 23 inagawa 2 kwa kipeo cha 11 toa 1. Mfaransa Pierre de Fermat mwaka 1640 alieleza kwamba kwa namba tasa yoyote isipokuwa 2, ukizidisha hivi hatua pungufu moja ya hiyo namba lazima uwe umerudi kwenye 1. Kwa 23 ni hatua 22. Kwahiyo mzunguko wa 11 lazima uingie kamili ndani ya 22, na kweli unaingia mara mbili. Kwa 89 unaingia mara nane ndani ya 88.

Hamishia hilo kwenye yetu. Kipeo ni 31, na 31 yenyewe ni tasa kwahiyo mzunguko hauwezi kuwa mfupi zaidi, ni hatua 31 kamili. Namba tasa yoyote inayotaka kuigawa lazima ukitoa 1 ipatikane kigawe cha 31, na kwakuwa hiyo namba ni witiri, basi kigawe cha 62. Yaani 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea kwa kuruka 62. Kuna na kanuni ya pili, kwamba ukigawa hiyo namba kwa 8 lazima ibaki 1 au 7, ukiziunganisha zote mbili zinabaki njia mbili tu: ukigawa kwa 248 ibaki 1 au ibaki 63. Mpaka 46,340 hizo hazifiki hata mia nne, na nyingi kati yake sio tasa kwahiyo unazitupa bila kugawa. Ya kwanza ya kujaribu ni 311. Inabaki 35. Inayofuata ni 1,303, zote za katikati zimeanguka zenyewe. Inabaki 226. Unaendelea.

Na kuna mtu aliendelea mpaka mwisho. Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa anafanya kazi St. Petersburg Urusi, mwaka 1772 alitoa uthibitisho kwamba 2,147,483,647 ni tasa, kwa njia hii ya 248. Hakukuwa na kompyuta, na wakati huo macho yake yalikuwa yameshakufa karibu kabisa. Mwambie mwenzako hivyo taratibu, usimcheke.

Angalizo moja kabla sijakuacha, usije ukaandika kwenye mtihani kwamba kipeo kikiwa tasa basi namba nayo ni tasa. 11 imekuangusha hapo juu. 23 nayo inaangusha, 2 kwa kipeo cha 23 toa 1 ni 8,388,607, ambayo ni 47 mara 178,481. Kinyume chake ndo kweli siku zote, kipeo kisipokuwa tasa na namba haiwi tasa.

SWALI: Mwalimu mambo vipi, mimi fundi simu hapa karibu na stendi ya Moshi. Kuna simu za zamani zikiletwa, ukijaribu kusogeza tarehe mbele haikubali kupita 2037. Mwingine ananiambia mwaka 2038 simu zote zinazima. Kuna ukweli?

JIBU: Poa fundi. Kuna ukweli na kuna chumvi. Simu na kompyuta nyingi zinaweka saa kwa kuhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, saa tisa usiku kwa saa zetu. Zile za zamani zinaweka hizo sekunde kwenye bao la mashimo 32, lile nililomweleza mama wa Kiboriloni hapo juu. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za hapa. Sekunde inayofuata bao linajimwaga, na chombo ambacho hakijarekebishwa kinajiona kiko Desemba 13, 1901. Waliotengeneza hizo simu walijua, wakaweka kizuizi mapema, ndo maana inagoma 2037. Sio ubovu, usimle mteja hela ya kuiflashi.

Mpya zinatumia mashimo 64 na hazina shida hiyo, sekunde zake zinatosha miaka zaidi ya bilioni 290. Mimi wasiwasi wangu sio simu, ni vile vyombo ambavyo hakuna anayevishika, kimeshafungwa ukutani miaka 20 na aliyekifunga kashahama. Kama unahudumia vitu vya namna hiyo, anza kuuliza sasa.

Halafu kuna kitu kizuri hapa. Dari la mashimo 64 ni 9,223,372,036,854,775,807, na hii sio tasa, kwasababu kipeo chake ni 63 ambayo ni 7 mara 9. Fanya ule mchezo wa koma: 807 toa 775 jumlisha 854 toa 36 jumlisha 372 toa 223 jumlisha 9. Inatoka 1,008, ambayo ni 7 mara 144. Namba ya tarakimu 19, umeipasua kwa 7 ukiwa umesimama.

SWALI: Mimi ni mzee mstaafu, Marangu. Nimesikia mjukuu wangu anatumia jioni nzima na mambo haya ya namba ndefu. Nauliza kwa nia njema, yana faida gani? Yupo aliyewahi kula kwa hayo?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la heshima na limeulizwa zamani na watu wakubwa. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba 2,305,843,008,139,952,128, ambayo inatokana na hii yetu, akasema huenda ndo kubwa ya aina yake itakayowahi kujulikana, maana ni za udadisi tu hazina matumizi na hakuna atakayejisumbua kutafuta kubwa zaidi. Aina hiyo ni zile ambazo ukijumlisha vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, unairudia yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 na 2 na 3, au 28. Barlow alikosea pande zote mbili. Watu walijisumbua, na matumizi yakaja.

Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1876 alionyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 67 toa 1 sio tasa, lakini bila kutaja vigawo vyake. Oktoba 1903 kwenye mkutano wa wanahisabati wa Marekani mjini New York, Frank Nelson Cole akapanda mbele, na inasimuliwa kwamba hakusema neno. Upande mmoja wa ubao akapiga hiyo namba, 147,573,952,589,676,412,927. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu. Majibu yakafanana. Akakaa. Alipoulizwa baadaye ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu Jumapili za miaka mitatu. Mjukuu wako anaweza kuhakiki kitu kimoja, atoe 1 kwenye 193,707,721 agawe kwa 134, yaani mara mbili ya 67, itaingia mara 1,445,580 bila baki.

Sasa faida, mzee. Angalia hapo, kuzidisha ni kazi ya dakika chache ubaoni, kurudi nyuma ukatafute zilizozidishwa ni Jumapili za miaka mitatu. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, wakafanya hiyo tofauti iwe kufuli. Unazidisha namba tasa mbili kubwa sana, zao unalitangaza kwa dunia nzima, zile mbili unazificha, na asiyezijua hafungui. Njia hiyo na nyingine zilizozaliwa nyuma yake ndo zinalinda siri kwenye intaneti, lile kufuli dogo unaloliona juu ya ukurasa wa benki limetoka kwenye udadisi wa namna hii. Mwache kijana mzee wangu, mpe na daftari la ziada. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa sasa iligunduliwa Oktoba 2024 na Mmarekani Luke Durant, ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1, tarakimu zake 41,024,320, na bado wanatafuta.

SWALI: Mwalimu mimi niko darasa la sita Moshi. Urefu wa Mlima Kilimanjaro ni mita 5,895. Je ni namba tasa?

JIBU: Hapana, inaishia na 5. Gawa kwa 5 unapata 1,179, jumla ya tarakimu zake ni 18 kwahiyo 9 inaingia, inabaki 131. Hiyo 131 ni tasa au sio? Jaribu mwenyewe kwa 2, 3, 5, 7 na 11 tu, usiende mbali zaidi, maana 13 mara 13 ni 169 imeshaipita.